Mwaka wa Maonyesho Ufipa

Sumbawanga sijawahi kuona jumba la sanaa. Soko lipo, makanisa yapo, stendi ipo. Lakini tuseme mkoa wa Rukwa, uliozaliwa mwaka 1974, umeamua kujenga jumba lake. Mwaka wa kwanza wataonyesha nini? Naogopa jibu la haraka: picha za Tingatinga, vinyago vya Wamakonde, basi. Ni kazi nzuri zote, ila ni za kuletwa, na Ufipa ina zake.

Mimi ningeanza kiangazi, na chuma. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo, ilungu likiwa moja, malungu yakiwa mengi. Mengine yalifika mita 3, yaani mtu mzima husimama chini yake akaonekana mtoto. Na hayakuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia mirija ya udongo chini, moto ukaivuta juu. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na uchafu, kikasafishwa katika tanuri dogo la pili, hapo sasa mivukuto ikafanya kazi. Ilungu jipya lilitendewa kama bibi harusi: likapambwa, likawekewa dawa, kwa kuwa lilitarajiwa kuzaa. Sasa mtu aniambie hiyo siyo sanaa.

Maonyesho ya pili yangekuwa nguo. Kabla ya vitambaa vya dukani kujaa, wanaume wa huku walifuma pamba kwenye vitanda vya mfumi vilivyolazwa chini. Ya tatu yangekuwa ya maneno, msimu wa mvua, watu wamekaa ndani. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, alikusanya hadithi hizo akazitolea kitabu mwaka 1978. Maarufu kuliko zote ni ile ya Milansi, kijiji cha mtawala wa kwanza, Ntatakwa. Walifika wanawake watatu wageni, wakautwaa utawala. Mwenyeji akabakiwa na heshima ya kutangulia. Ukiisikiliza vizuri, ni somo zima la siasa.

Kwa nini basi hatuviiti vitu hivi sanaa? Nadhani ni kwa sababu tulizoea jumba linaloonyesha kitu kilichokwisha: kimetundikwa, kina bei. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1972, iliwasaidia wasanii wengi kuuza kazi zao, na hilo si dogo. Lakini ilungu halitundikwi wala haliuzwi. Uzuri wake uko katika kutenda.

Tena jumba si lazima liwe mjini. Elimo Njau, mchoraji wa Kilimanjaro, alianzisha jumba la sanaa la Kibo kwao Marangu, kwenye migomba, ingawa angeweza kutosheka na Nairobi. Aliamini mkulima naye ni mtazamaji.

Hapa ndipo ninapoumia. Chuma cha bei rahisi kutoka ng'ambo kiliua kazi ya malungu zamani wakati wa ukoloni. Mtafiti wa Makumbusho ya Taifa, Wembah-Rashid, aliandika juu ya wafua chuma wa Ufipa mwaka 1969. Bertram Mapunda akafuata miaka ya 1990, na bado alikuta matanuri yamesimama porini na mashambani. Lakini udongo ni udongo. Kila masika hula kidogo, na jembe la mkulima anayetafuta nafasi ya mahindi humalizia. Hatuwezi kumlaumu, hakuna aliyemwambia shamba lake ni jumba la maonyesho.

Kwa hiyo jengo lisubiri. Kwanza liezekwe paa la nyasi juu ya ilungu moja, uchimbwe mfereji wa kupitisha maji, mwenye shamba alipwe kulitunza, na wanafunzi wa shule ya jirani waje waokote mavi ya chuma, waulize yametoka wapi. Hayo ndiyo maonyesho ya kwanza. Saruji itanunuliwa hata mwaka kesho. Ilungu likianguka, hakuna fundi aliyebaki wa kulisimamisha.