Kutoa injeksio na kuweka karbirateri: mwenye motokari ajue nini mbele

Motokari ya injeksio ikikataa kuwaka, na garaji haina mashine ya kusoma kalkilateri, neno moja halikawii kusikika: «Toa injeksio, weka karbirateri (kabureta), utapumua.» Kazi hiyo inawezekana. Kwa magari ya michezo ya zamani, kuna watu wanaifanya kwa kupenda tu. Lakini si kubadilisha piesi moja kwa ingine. Ikifanywa nusu, motokari inaweza kushika moto.

Tofauti iko wapi?

Motere ya esansi inataka hewa na esansi kwa kipimo: karibu kilo 14,7 za hewa kwa kilo 1 ya esansi. Ndani ya karbirateri, hewa inapita fasi nyembamba, inaongeza mbio, na inavuta esansi kupitia jikleri, yaani tundu dogo lililopimwa. Kwa injeksio, pompi ya umeme inasukuma esansi mpaka kwa injekteri. Kalkilateri inasoma hewa, joto na mzunguko wa motere, kisha inaamua injekteri zifunguke kwa muda gani.

Mfano wa Toyota 4A-GE

Motere hii ya litre 1,6 na valvu 16 iliingia mwaka 1983 ndani ya Corolla ya michezo inayojulikana kama AE86. Ilitoka kiwandani na injeksio. Baadhi ya wapenzi wa mbio wanaitoa na kuweka karbirateri mbili aina ya Weber 40 DCOE, kila moja na midomo miwili, ili kila silinda ipate mdomo wake. Motere inaitika upesi na inalia vizuri. Ila hao wanatafuta mbio na sauti. Hawahesabu esansi kama mtu wa taksi.

Kazi inataka nini?

1. Bomba la kuingiza hewa linalofaa. Lile la injeksio mara nyingi halina fasi ya kukalisha karbirateri.

2. Pompi ingine, au kipunguza nguvu. Pompi ya injeksio inasukuma kwa karibu bar 3. Karbirateri inataka bar 0,2 mpaka 0,3 tu. Pompi ya zamani ikibaki, sindano ya karbirateri inashindwa kufunga, na esansi inamwagika juu ya motere yenye moto. Ajali kubwa ya kazi hii inatokea hapo.

3. Usalama wa pompi. Kwa motokari nyingi za injeksio, motere ikizimika, pompi nayo inakatwa. Fundi akiunganisha pompi moja kwa moja na ufunguo, itaendelea kusukuma esansi hata kisha motokari kugongana. Lazima kuweka relee ya kuikata.

4. Moto wa buji. Mara nyingi kalkilateri ndiyo inayoamuru pia buji ziwake saa gani. Ikitoka, lazima distribiteri yenye kujipanga yenyewe.

5. Filtre nzuri ya hewa. Vumbi la barabara za migodi likiingia bila kuchujwa, linakula silinda.

Hewa ya Kolwezi

Kolwezi iko kwenye kimo cha zaidi ya metre 1.400. Hapo, nguvu ya hewa ni pungufu karibu asilimia 15 kuliko pwani. Injeksio yenye vipimo vizima inajirekebisha yenyewe. Karbirateri ya kawaida haijui kitu: ikiwa na jikleri za pwani, inatoa esansi kupita hewa iliyopo. Alama zake ni buji nyeusi, moshi mweusi, na tanki inayokauka mbio. Kinyume chake, motokari iliyopimwa Kolwezi ikishuka Dar es Salaam itapata esansi kidogo, motere itachemka, na pistoni zinaweza kutoboka.

Mbele ya kufungua

Mara nyingi ugonjwa ni mdogo: filtre ya esansi imeziba, fuzibu imeungua, mase imelegea, ama waya wa kipimo umekatika. Kwa Toyota nyingi za mwanzo wa miaka ya 1990, hata mashine si lazima. Ndani ya kisanduku cha uchunguzi, karibu na motere, fundi anaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anafungua ufunguo bila kuwasha, kisha anahesabu namna taa ya motere inavyowaka na kuzimika. Hesabu hiyo ni namba ya ugonjwa.

Basi karbirateri inafaa kwa motere ya zamani ambayo piesi zake hazipatikani tena, na fundi anayekubali kubadilisha pompi, moto na jikleri kwa pamoja. Kwa motokari ya kazi ya kila siku, kipimo kimoja kipya mara nyingi kitagharimu kidogo kuliko esansi ya mwaka mmoja.