SAFU YA LUGHA: Kulingana au kuoana?

Waandishi wa programu wamejipatia neno la kila kazi: "inalingana". Ati maktaba ya Bincode "inalingana" na Serde. Hailingani hata kidogo! Kulingana ni kuwa sawa kwa kimo, uzito au thamani. Serde ni mfumo mpana wa lugha ya Rust wa kuandaa data ihifadhiwe au itumwe kwa miundo mingi. Bincode hutoa baiti tu. Wapi na wapi?

Semeni zinaoana. Neno limetoka kwenye "oa", lakini leo hata shati na suruali huoana: viwili tofauti, havigombani. Toleo la 2 la Bincode lina njia yake lenyewe ya kugeuza data kuwa baiti. Serde huwashwa kwa hiari. Na ndoa hiyo ina masharti. Muundo wa data wa JSON huandika jina la kila uga, Bincode huandika thamani tupu kwa mpangilio. Ukiiambia Serde iruke uga usio na kitu, msomaji wa baiti hana habari. Atameza baiti za uga unaofuata.

"Patanifu" nalo halina kosa, ila kwangu linanukia baraza la usuluhishi.