Niajiri au Nikodishe? Historia ya M-Pesa na Mafundi wa Nje

Kuna swali ambalo kila mwenye biashara hufika mahali akaliuliza, awe ana duka la jumla kule Eldoret, sacco ya matatu au benki yenye matawi nchi nzima. Je, kazi ya kompyuta niifanye na watu wangu mwenyewe, au niwape watu wa nje? Wanaoniuliza mimi, kwa kuwa nilisomea sayansi ya kompyuta na ndiyo kazi inayonilisha, hutaka jibu la neno moja. Jibu hilo sina. Ninachoweza kuwapa ni historia, maana swali hili lina zaidi ya miaka sitini, na limeshajibiwa vizuri na vibaya na watu wenye pesa nyingi kutuzidi. Mfano wake mzuri kwa Mkenya uko mfukoni mwako, ndani ya laini ya simu.

Lakini tuanze mbali kidogo.

Ilianzia kwenye mishahara

Mwaka 1949, katika mji wa Paterson, New Jersey, kijana mmoja aitwaye Henry Taub alianzisha kampuni ya kuwapigia wenzake hesabu za mishahara. Kampuni hiyo leo inaitwa ADP. Wazo lake lilikuwa rahisi: kila kampuni lazima ilipe mishahara, lakini hakuna mteja anayekuja dukani kwako kwa sababu unajua kupiga hesabu za mishahara. Kwa hiyo mpe mtu mwingine akufanyie.

Mwaka 1962 Ross Perot, aliyekuwa muuzaji wa kompyuta za IBM, alianzisha EDS mjini Dallas kwa dola 1,000. Alikuwa ameona wateja wakinunua mitambo ya bei kali kisha wakikosa watu wa kuitumia vizuri. EDS iliwaambia: sisi tutaleta mafundi, tutaendesha kazi yote, nyinyi mtatulipa kwa kandarasi ya miaka kadhaa. Biashara hiyo ilikua hata General Motors ikainunua EDS mwaka 1984 kwa dola bilioni 2.5.

Bado, kampuni kubwa nyingi ziliona kwamba kumpa mtu wa nje kompyuta zako zote ni jambo la kampuni iliyoshindwa. Kodak ilibadilisha fikira hizo mwaka 1989 ilipoikabidhi IBM vituo vyake vya kompyuta, na wafanyakazi wa vituo hivyo wakahamia IBM. Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo imefanya, wengine walijiuliza, sisi tunangoja nini? Mikataba ikafuatana.

Wakati huo India ilikuwa ikijenga njia zake. Kampuni kama TCS, iliyoanza mwaka 1968, zilipeleka watayarishaji programu ng'ambo kufanya kazi ndani ya ofisi za wateja. Mwaka 1985 Texas Instruments ikaja kinyume chake: ikafungua ofisi yake yenyewe Bangalore, ikatuma kazi kwa setilaiti, na wahandisi wakabaki wa kwake.

Ukikusanya yote hayo unapata njia tano, na mpaka leo hakuna aliyevumbua ya sita ya maana:

1. Kununua kazi iliyokamilika. Unasema unachotaka, unaletewa, unalipa.
2. Kukodi watu. Wanafanya kazi chini yako, lakini mwajiri wao ni mwingine.
3. Kukabidhi kila kitu, yaani mitambo, wafanyakazi na usiku wa kukesha.
4. Kufungua ofisi yako mwenyewe mahali penye mafundi wengi au gharama ndogo.
5. Kujengewa na kuendeshewa kwa muda, kisha kukabidhiwa.

Ya kumi na mbili ikavunjwa

Mfano mmoja wa njia ya tatu unafaa kukumbukwa. Mwezi Desemba 2002 benki ya JPMorgan Chase ilitia saini na IBM mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola bilioni 5. Wafanyakazi wapatao 4,000 wakabadilisha mwajiri. Mwaka 2004 benki hiyo ikaungana na Bank One, iliyoongozwa na Jamie Dimon, na kufikia Septemba mwaka huo huo mkataba ulikuwa umevunjwa na watu wakarudishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba benki kubwa kiasi hicho inaweza, na inapaswa, kuendesha teknolojia yake yenyewe.

Tazama kilichobadilika hapo. Kompyuta zilikuwa zile zile na mafundi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: je, teknolojia ni kama umeme, unalipia bili na kusahau, au ndiyo silaha ya biashara yenyewe? Waliotia saini mwaka 2002 walijibu hivi, waliovunja mwaka 2004 wakajibu vile.

Sasa turudi nyumbani

Kuna hadithi ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta Kenya ameisikia, kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi wa chuo kikuu hapa kwetu kisha akanyang'anywa. Naelewa kwa nini tunaipenda. Lakini historia inayojulikana ni nyingine, na kwangu mimi inafundisha zaidi.

Wazo lilikuzwa ndani ya Vodafone, Uingereza, na Nick Hughes, kwa msaada wa fedha za serikali ya nchi hiyo zilizokuwa za kuchochea huduma za kifedha kwa maskini. Programu yenyewe iliandikwa na Sagentia, kampuni ya washauri wa teknolojia kutoka Cambridge. Susie Lonie wa Vodafone akaja Nairobi kusimamia kazi. Safaricom, ambayo Vodafone ilikuwa na asilimia 40 ya hisa zake, ndiyo iliyokuwa na wateja.

Hebu hesabu tabaka hizo: Safaricom haikuwa na programu, Vodafone haikuiandika, na Sagentia haikuwa na mteja hata mmoja Kenya. Ni njia ya kwanza na ya tatu zikiwa zimefungwa pamoja.

Majaribio yalianza Oktoba 2005 na wateja wapatao 500 wa shirika la mikopo la Faulu, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Lengo lilikuwa mtu alipe mkopo wake kwa simu. Lakini Wakenya wakaanza kufanya mambo yao. Wengine waliweka pesa jioni ili zilale salama. Wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri waliweka pesa upande mmoja na kuzitoa saa chache baadaye upande wa pili, ili wasizibebe njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuutuma kwa jamaa mashambani. Ulipaji wa mikopo ndio ulioonekana mgumu, kwa sababu vitabu vya Faulu na mtambo mpya havikuelewana vizuri.

Hapa ndipo naomba mwenye biashara anisikilize. Kama mkataba ungesema tu "leteni programu ya kulipia mikopo", ingeletwa programu ya kulipia mikopo, kila mtu angelipwa na mambo yangeishia hapo. Kilichookoa kazi ni kwamba kulikuwa na watu wenye uwezo wa kuamua, waliokaa hapa hapa, wakatazama na kukubali kubadilisha lengo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani, na katika mwaka wake wa kwanza ilisajili wateja zaidi ya milioni mbili.

Kilichokodiwa na kilichobaki

Safaricom haikukodisha kila kitu. Mawakala ilijenga yenyewe, duka kwa duka. Huduma kwa wateja, matangazo na mazungumzo na Benki Kuu vilibaki mikononi mwake. Mtu aliyeko Cambridge anaweza kuandika programu nzuri sana, lakini hawezi kumshawishi mwenye duka kule Siaya akae na pesa taslimu ya kutosha siku ya soko.

Lakini kilichobaki nje kilikuwa na bei yake, na ililipwa kwa miaka. Seva za M-Pesa zilikaa Ujerumani hadi Aprili 2015. Shilingi iliyotoka Kawangware kwenda Kangemi, mtaa na mtaa, hesabu yake ilipitia Ulaya kwanza. Mtambo ukikwama siku ya mshahara, nchi nzima ilingoja. Na Safaricom ililipa Vodafone ada iliyokatwa kutoka mapato ya huduma hiyo.

Sisi waandishi wa programu tulikuwa na machungu yetu pia. Mwenye biashara ndogo aliyetaka tovuti yake ijue mteja amelipa hakuwa na mlango rasmi wa kupitia. Watangulizi wetu walitia laini kwenye modemu, wakaandika programu ya kusoma SMS ya malipo neno kwa neno, na siku maneno ya SMS yalipobadilishwa kidogo, kila kitu kikavunjika. Mlango rasmi ulianza kufunguliwa Septemba 2015, miezi michache baada ya seva kuja nyumbani, na mwaka 2017 ukaja ule tunaoutumia kwa jina la Daraja. Hiyo haikuwa bahati. Ni vigumu kumfungulia jirani mlango wa nyumba ambayo funguo zake ziko kwa mwenye nyumba wa ng'ambo.

Hata hivyo tusijidanganye. Kilichokuja mwaka 2015 ni mtambo mpya, na mtambo huo ulitoka Huawei ya Uchina. Mashine zilirudi nyumbani, lakini programu bado ilikuwa ya kununua. Hatua kubwa zaidi ilikuja Aprili 2020, Safaricom na Vodacom ziliponunua kutoka Vodafone chapa ya M-Pesa pamoja na kazi ya kuiendeleza na kuitunza. Kutoka uzinduzi hadi hapo ni miaka 13. Hiyo ni njia ya tano, ingawa sioni dalili kwamba mwaka 2007 ilipangwa iwe hivyo.

Wengine walipita njia nyingine

Mfano wa upande wa pili ni Bharti Airtel. Mwaka 2004, huko India, iliikabidhi IBM kompyuta zake kwa miaka kumi, na mitandao ya simu ikaipa Ericsson, Nokia na Siemens. Ujanja ulikuwa kwenye malipo: IBM ililipwa kwa kufuata mapato ya Bharti, na wenye mitambo walilipwa kwa uwezo uliotumika. Mteja akikua, fundi anakua. Iliponunua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika mwaka 2010, kwa dola bilioni 10.7, ilileta mfumo huo huo hapa Kenya. Kwa kampuni inayokua haraka kuliko inavyoweza kuajiri, njia ya tatu si ujinga hata kidogo, mradi malipo yawafunge nyote kwenye jembe moja.

Na wanaokodishwa je? Andela ilianza Lagos mwaka 2014, ikafika Nairobi mwaka 2015. Ilichukua vijana, ikawafundisha huku ikiwalipa, kisha ikawakodisha kwa kampuni za ng'ambo. Mwaka 2016 wakfu wa Mark Zuckerberg na mkewe uliongoza uwekezaji wa dola milioni 24 ndani yake. Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha kazi vijana wapatao 400 Nigeria, Kenya na Uganda, kwa sababu wateja walitaka mafundi wakomavu, si wanaoanza. Njia ya pili ina siri hiyo: kila mtu anataka kukodi fundi aliyeiva, hakuna anayetaka kulipia kuiva kwake. Mwenye biashara anayekodi tu, mwaka hadi mwaka, anategemea wengine wamlelee mafundi. Wakiacha kulea, bei inapanda na yeye hana hata mmoja wa kwake.

Basi uchague ipi?

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Ni kweli, lakini hakuna aliyesema usiazime kamwe. Kutokana na historia hii mimi hupima mambo matatu.

Kwanza, je, mteja anakuja kwako kwa sababu ya kitu hicho? Mishahara, barua pepe, vitabu vya hesabu: nunua, usijisumbue. Ikiwa ndicho kinacholeta mteja, weka angalau mtu mmoja wa kwako anayekielewa ndani nje.

Pili, unajua unachotaka? Kama hujui, usinunue kazi iliyokamilika, kwa sababu utaletewa ulichoandika, si ulichohitaji. Kumbuka Faulu. Kodi watu wakae karibu na wateja wako kwanza.

Tatu, siku ya kuachana itakuwaje? Kabla ya kutia saini, andika misimbo ni ya nani, data iko wapi, nani ana nywila, na baada ya miaka mingapi unaweza kununua vyote kwa bei gani. Safaricom ilikuwa kubwa na Vodafone alikuwa mwenye hisa, wakaweza kungoja miaka 13 wakaelewana. Sacco yako ikikorofishana na fundi wake Ijumaa, Jumatatu wanachama watakuwa mlangoni.

Hilo la tatu ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza, hata anapokuwa ananiuliza ili anikodi mimi.