Tunamwitaje Mwanamke Anayetibu Wanyama?

Sisi tunaofundisha Kiswahili huwaambia wanafunzi kwamba lugha yetu haibagui jinsia: yeye ni yeye, awe mume au mke. Lakini tukifika kwenye majina ya kazi tunakutana na "bwana shamba" na "bwana mifugo", majina yenye harufu ya enzi za ukoloni, afisa alipokuwa bwana. "Bibi shamba" tumemzoea. "Bibi mifugo" husikika kwa nadra.

Historia ya wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, inatudai tulitazame upya jina hilo. Huko Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth inapakana na vijiji vya wafugaji. Nyati na ng'ombe hukaribiana malishoni, na maradhi hayajui mpaka wa hifadhi. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi humo.

Mwaka 1996 Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, aliyesomea utabibu wa mifugo London, aliajiriwa kuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika hifadhi za taifa za Uganda. Mwaka huohuo sokwe wa milimani wa Bwindi, kusini mwa Kasese, walipata upele, na chanzo kikahusishwa na binadamu waliokuwa jirani nao. Tangu hapo akasisitiza kwamba afya ya mnyama na ya jirani yake ni moja. Mwaka 2003 alishirikiana na wenzake kuanzisha shirika la Conservation Through Public Health, na mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kifua kikuu cha nyati wa Queen Elizabeth.

Ukweli huo ulidhihirika tena Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa wakapokelewa Bwera. Hapo mpakani Kiswahili huvusha biashara sambamba na Lukonzo. Hivyo ndicho kinachoweza kuvusha na onyo la daktari. Mfugaji akiambiwa amngoje "bwana", akafika mwanamke, huenda asimsikilize kwa wakati, na ng'ombe hawasubiri.

Tunapendekeza, basi, darasani tuseme "daktari wa mifugo" au "daktari wa wanyama". Ngeli ya A-WA inatosha: daktari amefika, madaktari wamefika. Sarufi yetu ilikwisha kumfungulia mwanamke mlango. Tusimfungie kwa msamiati.