Maumivu Yasiyo na Kidonda

Msomaji, ukifika Bungoma, au katika vijiji vya Wabukusu karibu na Kitale, mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa, kama ule wa 2022 au 2024, utasikia kengele wazipigazo vijana waendao kutahiriwa. Kijana husimama wima mbele ya ukoo wake wala hapepesi macho, na akistahimili husifiwa. Hapo twajifunza kwamba maumivu ni mtihani, na kwamba mtihani una mwisho, kwa kuwa kidonda hupona.

Lakini yako maumivu mengine. Tuseme mama aamka kwenda kupalilia mahindi, na mwili mzima unamwuma, mwezi baada ya mwezi. Hupimwa damu, hupigwa picha ya mifupa, wala hakionekani kitu. Huyu humwita mvivu, yule husema amerogwa. Je, mama huyo ni mwongo?

Hata wataalamu walikosea kwa muda mrefu. Mwaka 1664 kilichapishwa kitabu cha Mfaransa René Descartes, aliyefananisha maumivu na kamba ya kengele: ukiivuta chini, kengele hulia juu. Kwa fikira hiyo, pasipo jeraha hapana maumivu. Mwaka 1904 Mwingereza William Gowers aliyapa maumivu ya misuli jina lenye maana ya uvimbe wa nyuzi za mwili. Uvimbe ukatafutwa, usionekane. Ndipo mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipoeleza kwamba katika uti wa mgongo mna mfano wa lango la maumivu, na kwamba ubongo ni mmoja wa mabawabu wake. Mwaka 1976 likaja jina la faibromayalgia, na mwaka 1990 madaktari wa Marekani wakaweka kanuni za kuitambua.

Leo twafahamu kwamba katika ugonjwa huu mishipa ya fahamu na ubongo huyakuza maumivu kupita kiasi. Kengele hulia ingawa kamba haikuvutwa. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Hata hivyo, mazoezi yaongezwayo kidogo kidogo, usingizi mzuri, kazi iliyogawanywa kwa vipindi, na pengine dawa za daktari, humpunguzia mgonjwa mzigo.

Basi, msomaji, usiifanye sifa ya ushujaa kuwa fimbo ya kumpigia mgonjwa. Kijana husimama kwa dakika chache, na umati wamshangilia. Mama yule husimama kila siku, wala hapana ampigiaye vigelegele. Mwanzo wa kumsaidia ni kumsadiki.