Kampala na Farasi: Historia ya Kujuana Polepole

Tarehe 20 Juni 1874, Charles Chaillé-Long, Mmarekani aliyekuwa akilitumikia jeshi la Misri, aliingia katika mji mkuu wa Kabaka Mutesa wa Kwanza akiwa juu ya farasi. Alikuwa ametumwa na Gordon, gavana wa jimbo la Ikweta, na alikuwa njiani karibu miezi miwili tangu atoke Gondokoro. Buganda ilikwisha kuona bunduki, vitambaa vya ng'ambo na vitabu vya Kiarabu. Farasi alikuwa jambo jingine. Kwa maelezo ya Chaillé-Long mwenyewe, watu waliomlaki walidhani mpandaji na mnyama wake ni kiumbe kimoja. Aliposhuka, kiumbe kile kikawa viwili, na wengi walitimua mbio.

Vilima vya Mutesa leo vimo ndani ya Kampala. Upande wa kusini-mashariki ipo Kabalagala, mtaa wa tarafa ya Makindye unaokesha, wenye baa, wachoma nyama na bodaboda waliojazana kando ya barabara ya Ggaba. Anayeifuata barabara hiyo kuelekea ziwani, akapita Kansanga na Bunga, huwa amekaribia Munyonyo, na huko Speke Resort ina kituo cha kupanda farasi. Watoto na watu wazima hufundishwa hapo kukaa kwenye tandiko na kushika hatamu. Na popote farasi anapofundishwa siku hizi, Afrika Mashariki ikiwemo, haikosi kutajwa njia ya asili: kumfundisha mnyama kwa kuielewa silika yake badala ya kumlazimisha kwa mjeledi.

Njia hiyo huja na majina ya Wamarekani, vitabu na video zao. Kwa hiyo ni rahisi kuiona kama elimu iliyoshushwa kutoka ughaibuni kwa watu wasiojua kitu. Historia ya farasi katika ukanda huu inaonyesha vingine. Kila mahali farasi alipoweza kuishi Afrika Mashariki, aliishi kwa sababu kulikuwa na saisi aliyemjua: mtu wa kumlisha, kumsafisha kwato, kumtazama macho asubuhi na kutambua kuwa leo hayuko sawa. Upole kwa farasi ulikuwa kazi ya mikono hiyo kabla haujapewa jina.

Inafaa kuanza na swali la kwa nini farasi alichelewa kufika. Barabara hazikuwa kikwazo. John Hanning Speke, aliyefika kwa Mutesa mwaka 1862, alistaajabia njia za Buganda, pana na zilizonyooka kupanda na kushuka vilima. Zilikuwa njia za miguu. Wajumbe wa Kabaka walizipita mbio, na Kabaka mwenyewe alibebwa mabegani na watu wa ukoo wa Mbogo, ambao kazi hiyo ilikuwa haki na heshima yao. Ufalme ule ulikuwa na jeshi, kodi na mitumbwi ya vita, na yote hayo yaliendeshwa pasipo mnyama wa kupanda hata mmoja.

Pwani mambo yalikuwa tofauti. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Zanzibar, alikuwa mpenzi mkubwa wa farasi wa Kiarabu. Jahazi lake Sultana lilipotia nanga New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi zake kwa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili. Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi watoto wa Seyyid walivyofundishwa kupanda wakiwa wadogo sana. Wavulana walioiva walipewa farasi wa Kiarabu, na wasichana walipewa punda weupe wa Maskati, wakubwa na wenye kasi, waliopambwa kwa fahari. Waliowafundisha walikuwa watumwa wa jumba la kifalme, na majina yao hayakuandikwa popote panapolingana na kazi yao.

Kutoka pwani hiyo hadi Buganda kulikuwa na njia. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikwisha kufika kwa Kabaka Suna wa Pili mwaka 1844, kupitia Tabora na Karagwe. Walioibeba biashara ile ni wapagazi. Wanyama hawakuihimili safari. Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857 na punda wa kubeba mizigo, na punda hao wakawa wanakufa njiani mmoja baada ya mwingine. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akimtafuta Livingstone, naye alikuwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash. Wote wawili walikufa katika wiki za mwanzo, hata kabla msafara haujaiacha pwani mbali. Stanley alimpasua mmoja wao akakuta minyoo tumboni.

Adui hawakuwa minyoo peke yao. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari Mwingereza David Bruce alivitambua vijidudu vinavyosababisha nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o na unaomaliza ng'ombe na farasi. Miaka michache baadaye vijidudu vya ukoo huohuo vikawa msiba wa binadamu wenyewe nchini Uganda. Mwaka 1901 Albert Cook na nduguye Jack waliwatambua wagonjwa wa malale katika hospitali ya Mengo. Bruce aliletwa mwaka 1903, na uhusiano wa maradhi yale na mbung'o ukathibitishwa. Hadi wimbi lile lilipotulia, zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamekufa, wengi wao Busoga na katika visiwa na mwambao wa ziwa, na serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha wakazi wa mwambao. Katika nchi iliyokuwa ikiwazika watu wake kwa sababu ya mbung'o, kufuga farasi hakukuwa na nafasi.

Upo tena ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi wanaouma hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri. Punda milia huubeba bila kuumwa. Farasi asiye na kinga huugua, hujaa maji kwenye mapafu, na katika mlipuko mbaya wanaweza kufa tisa kati ya kumi.

Kwa hiyo Uganda iliruka hatua. Winston Churchill alipoizuru mwaka 1907, safari yake kutoka Entebbe hadi Kampala ilikuwa ya riksho iliyokokotwa na kusukumwa na watu waliokuwa wakiimba. Baiskeli zilienea. Katika miaka ya 1960, pale Busia mpakani, vijana walianza kuwapakia abiria kwenye baiskeli kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na hapo ndipo ilipozaliwa bodaboda inayoitawala Kabalagala hivi leo. Kati ya mabega ya ukoo wa Mbogo na pikipiki, farasi hakuwahi kuwa chombo cha watu wa Kampala.

Nairobi ilipata bahati nyingine, kwa kuwa nyanda za juu zina baridi na mbung'o ni wachache. Hata hivyo walioanza nao hawakuwa farasi tu. Dakta Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika Nairobi mwaka 1900, alikuwa akiwatembelea wagonjwa wake akiwa amepanda punda milia, na ndiye aliyeutambua ugonjwa wa tauni mjini humo mwaka 1902. Punda milia ni mnyama mkaidi mno. Wajerumani walijaribu kuwafuga na kuwazalisha karibu na Kilimanjaro, kwa kuwa hawafi ovyo kwa maradhi ya huku, na mpango ule haukufika popote. Daktari mmoja aliyemzoea mnyama wake mmoja alifanikiwa pale mradi mzima uliposhindwa.

Mashindano ya farasi yakashika mizizi Kenya, na uwanja wa Ngong unaotumika hadi leo ulifunguliwa mwaka 1954. Aliyeipa fani hiyo sifa duniani ni Beryl Markham, aliyepata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano akiwa na miaka 18, kabla hajajulikana kwa kuivuka Atlantiki kwa ndege mwaka 1936. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 amemtaja mara kwa mara arap Ruta, Mnandi aliyekuwa rafiki yake tangu utotoni wakati akiitwa Kibii, na baadaye msaidizi wake katika mazizi. Ni mmoja wa wachache sana wa kundi lake ambao jina lao limetufikia. Nyuma ya kila kombe la Ngong palikuwa na saisi aliyelala karibu na farasi, aliyejua nani anaogopa mvua na nani hatakiwi kufungwa kwa nguvu.

Wakati huohuo Marekani nayo ilikuwa ikijiuliza upya. Wazo la upole ni la kale. Xenophon, Mgiriki wa karne ya nne kabla ya Kristo, alikwisha kuonya kwamba farasi anayelazimishwa hatendi kwa kuelewa. Mwaka 1858 John Rarey wa Ohio aliwashangaza Waingereza kwa kumtuliza Cruiser, farasi dume aliyewashinda wote, ingawa alifanya hivyo kwa kumfunga mguu mmoja mpaka akalala chini, kisha kumpapasa. Ndugu wawili wachunga ng'ombe kutoka Oregon, Bill Dorrance, aliyezaliwa mwaka 1906, na Tom, aliyezaliwa mwaka 1910, walikwenda mbali zaidi. Waliacha kuuliza namna ya kumshinda farasi, wakauliza farasi anaogopa nini. Ray Hunt aliyasambaza mafundisho yao, na katika miaka ya 1980 Pat Parelli akayapa jina la njia ya asili na kuyapanga katika hatua ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzifuata. Mwaka 1989 Monty Roberts aliionyesha kazi yake mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili huko Windsor.

Msingi wa njia hiyo unaeleweka upesi. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa ili aone karibu pande zote, na akitishwa hukimbia kwanza. Huishi katika kundi na hutulia anapomwona mwenzake ametulia. Mwalimu humwingiza katika uwanja wa duara, bila lijamu mdomoni, akiwa na hatamu ya kamba tu, au hana chochote. Humsogelea kwa mwili wake, humtazama, huinua mkono: hilo ni shinikizo. Farasi akielekea upande unaotakiwa, hata kwa hatua moja, mwalimu hulegeza papo hapo, hugeuza bega na kushusha macho. Kulegeza huko ndiko kunakofundisha. Akichelewa kidogo tu, mnyama amejifunza jambo jingine. Ndipo hufuata kumzoesha kuguswa masikio na miguu, kurudi nyuma, kupita juu ya turubai linalopiga kelele, na tandiko huja mwisho.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwahi kumwondoa binadamu uwanjani na kuweka gari dogo la rimoti lililofanya kazi ileile ya kusogea na kusita. Farasi walijifunza kulifuata. Baadhi ya wapenzi wa njia hii walilipokea jibu hilo kwa uchungu, kwa kuwa lilipunguza hadithi ya mtu mmoja mwenye kipaji anayezungumza lugha ya farasi. Kwa Kampala ni habari njema kabisa. Kama kinachofundisha ni kulegeza kwa wakati wake, basi ni ujuzi unaoweza kujifunzwa na kijana yeyote mwenye subira na macho makini, awe ametoka Montana au Kansanga.

Na subira ndiyo inayohitajika kando ya Ziwa Victoria. Farasi wa huku hukaguliwa kupe, hupewa dawa ya minyoo, huchanjwa, na huingizwa bandani kabla usubi hawajatoka jioni. Kila shughuli hiyo inamtaka mnyama akubali kuguswa, kushikwa mguu, kuchomwa sindano. Farasi anayemwogopa saisi wake hatibiki vizuri, na asiyetibika vizuri katika nchi hii hadumu. Upole hapa umekuwa sharti la uhai wa mnyama mwenyewe.

Matokeo yake yanaonekana nje ya jiji pia. Karibu na Jinja watalii huzunguka vijiji vya ukingo wa Nile wakiwa juu ya farasi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983, wageni wa Mihingo Lodge hupita kwa farasi katikati ya swala, nyati na punda milia. Farasi anayeweza kukutana na nyati bila kumtupa mpandaji hakupatikana kwa mjeledi. Kuna mtu aliyemzoesha, siku baada ya siku, na kwa kawaida mtu huyo ndiye anayetangulia msafara kama kiongozi.

Wenye mazizi na vyama vya wapanda farasi wa Kampala wanayo nafasi ambayo Zanzibar ya Seyyid Said na Nairobi ya walowezi waliipoteza. Masaisi wao wako hai na wako kazini. Wawape mafunzo yaleyale wanayolipia wateja, wawape vyeti na mishahara inayolingana na ujuzi huo, na wayaandike majina yao katika kumbukumbu za kila farasi wanayemfundisha. Milango ifunguliwe pia kwa watoto wa Kabalagala na Kansanga, ambao wanaishi kilomita chache tu kutoka mazizini na ambao wengi wao hawajawahi kumgusa farasi.