Kanabinoidi Sanisi, Si Bangi Bandia

Kanabinoidi ni jina la jumla la kemikali zinazoamsha vipokezi fulani vya mwilini, hasa kile kiitwacho CB1, ambacho kimejaa ubongoni. Nyingine mwili hujitengenezea wenyewe. Ya kwanza kugunduliwa, mwaka 1992, iliitwa anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya raha. Mmea wa bangi nao una zake, maarufu zaidi ikiwa THC, iliyotengwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israeli. Zilizobaki hupikwa maabara, na hizo ndizo zinazotusumbua kwa jina.

"Bangi bandia" ndilo linalowahi mdomoni. Silipendi. Kwa Mswahili, kitu bandia ni pungufu ya chenyewe: noti bandia hainunui, dawa bandia haiponyi. Kijana akilisikia atadhani ameuziwa kitu hafifu, kumbe ni kinyume. THC ikikishika kipokezi cha CB1 hukiamsha nusunusu. JWH-018 hukiamsha kikamilifu. Herufi hizo ni za John W. Huffman, mkemia wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, aliyekuwa akichunguza vipokezi hivyo wala hakuwa na nia ya kumlewesha mtu. Mwaka 2008 kemikali hiyo ilikutwa Ulaya ndani ya vipakiti vya Spice, vilivyouzwa kwa jina la uvumba: majani makavu yaliyonyunyiziwa dawa. Na kwa kuwa dawa haienei sawasawa, mmoja huvuta asisikie kitu, mwenzake wa pakiti ileile akaanguka kwa degedege. Kule kisiwani Mayotte watumiaji huiita dawa hiyo "chimique", yaani kemikali tu. Wamekuwa wakweli kuliko sisi.

Mimi nashika "kanabinoidi sanisi". Mwanafunzi wa biolojia amekwisha kukutana na mzizi huo katika usanisinuru. Unasema kitu kimeundwa kwa kuunganisha kemikali, bila kudokeza kwamba ni kikali au hafifu. (Skanka isichanganywe humu: hiyo ni bangi halisi, ila yenye THC nyingi.)

Kwa nini kanabinoidi ziwe hatari kwa vijana balehe hasa? CB1 imesongamana katika hipokampasi, panapohifadhiwa mambo mapya, na katika sehemu ya mbele ya ubongo, ya kupanga na kujizuia, ambayo hukomaa mwisho, karibu na umri wa miaka 25. Katika miaka ya balehe ubongo hupogoa miunganisho yake isiyohitajika, na kanabinoidi za mwili husaidia kuiongoza kazi hiyo. Moshi huingilia kati.

Madhara yake ni makubwa kiasi gani, hapo wataalamu wanabishana. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, ulionyesha mwaka 2012 kwamba walioanza bangi ujanani na kuendelea kuitegemea walipoteza wastani wa alama 8 za IQ. Walioanza ukubwani hawakupungukiwa hivyo. Mwaka 2016 utafiti wa mapacha wa Marekani ukaleta shaka: pacha aliyevuta hakuporomoka kuliko nduguye asiyevuta, kana kwamba chanzo ni mambo ya kifamilia wanayoshiriki. Tena kumbukumbu huanza kurejea baada ya wiki chache za kuacha. Naona hoja ya mapacha ina nguvu, lakini kwa mwanafunzi wa kidato cha pili wiki chache za kusoma bila kushika kitu ni hasara tosha. Kwa kanabinoidi sanisi tafiti ni chache zaidi, na zinaelekea pabaya: watumiaji wake hufanya vibaya kuliko wavuta bangi katika majaribio ya kumbukumbu na ya kugeuza fikra haraka.

Jina lina athari hata zahanati. Kipimo cha kawaida cha bangi kwenye mkojo hutafuta mabaki ya THC, na kanabinoidi sanisi haziyaachi. Mzazi aliyeambiwa mwanawe anavuta "bangi bandia" ataomba kipimo cha bangi, ataletewa jibu safi, na atarudi nyumbani ametulia.